Umeokoka, sasa ucheke kwa sauti gani?

Niliokoka mwezi wa nane, na mwezi wa kumi haujaisha nikawa nimeshaambiwa nipunguze kucheka. Tulikuwa mazoezi ya kwaya, kaka mmoja wa besi akaingia kabla ya zamu yao, peke yake, kwa nguvu zote, halafu akanyamaza ghafla kama redio iliyokatikiwa umeme, na mimi nikacheka vile ninavyochekaga, yaani kile kicheko cha ukoo wa mama yangu ambacho mtu akiwa barabarani anakisikia anajua leo kuna wageni ndani. Tulipomaliza maombi ya kufunga mama mmoja akanivuta pembeni, taratibu kabisa, kanishika mkono, akaniambia binti yangu, mtu aliyeokoka hachekagi hivyo, we sasa hivi ni kiumbe kipya. Nikasema amina mama. Ningesema nini tena.

Basi nikakaa kama miaka miwili naongea kama mtu anayetoka kuchomwa sindano. Shangazi yangu alikuja kunitembelea akalala siku mbili, ya tatu akaniuliza kama kuna mtu namdai au kuna mtu ananidai, manake nimekuwa kama mgeni kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Sasa nikwambie kilichokuwa kinaendelea miaka hiyohiyo miwili. Mimi nauza nafaka, mchele, maharage, karanga, unga wa dona, na wateja wa mtaani wengi hawataki mizani, wanataka kisado. Kisado changu kitako kilikuwa kimesukumwa ndani kidogo kwa moto, nilikikuta hivyohivyo kwa jamaa aliyekuwa anafunga biashara na akaniambia kabisa dada, hiki ndo kinacholipa kodi ya fremu. Ukikitazama kwa juu huoni kitu. Ukiingiza mkono ndani unakuta kitako kimepanda. Niliwahi kupima, kila kisado cha maharage ngumi moja ilikuwa inabaki kwangu, ngumi yangu, na mkono wangu sio mdogo. Na nilikuwa nawapimia watu kwa sauti ya chini, nawaambia ubarikiwe.

Kanisani hakuna aliyewahi kuniuliza habari za kisado. Kicheko kiliulizwa, mawigi yaliulizwa, kwa nini natembea haraka iliulizwa. Kisado hapana.

Nimeanza na aibu yangu kwa sababu hili swali la kukua kitabia kama Mkristo na bado ukabaki wewe, watu wengi wanalichanganya palepale nilipolichanganya mimi, na lugha yetu inachangia. Sisi tukisema tabia tunaweka kila kitu kwenye gunia moja. Fulani ana tabia ya kunyamaza, fulani ana tabia ya kuiba, fulani ana tabia ya kuchelewa kulala. Lakini wazee wetu wa lugha walikuwa na maneno mawili hapo, kuna tabia na kuna hulka, na yote mawili tumeyapata kwa Waarabu ila hayajatoka mlango mmoja. Hulka imetoka kwenye neno la kuumba, ni ulivyoumbwa, ulivyotoka. Tabia asili yake ni neno la kupiga muhuri, la kuchapa, ndo maana kiwanda cha kuchapa vitabu kinaitwa matbaa, ni ndugu wa damu kabisa na neno tabia. Kwa hiyo hulka ni udongo, tabia ni alama iliyogandamizwa juu yake.

Na hapa ndo nilipobaki mdomo wazi. Ukifungua Waebrania sura ya 1 mstari wa 3, Biblia yetu ya zamani, ile ya Union ambayo bibi zetu walikuwa nayo, inasema Mwana ni chapa ya nafsi ya Mungu. Chapa! Na neno la Kigiriki lililopo pale ni karakta, ndo hilohilo Wazungu wamelichukua wanaliita tabia ya mtu mpaka leo. Wagiriki walianza kwa kulitumia kwa chombo cha kuchongea na alama inayoachwa kwenye sarafu. Kwa hiyo lugha mbili za koo tofauti kabisa, zote zikitaka kusema tabia zinasema muhuri.

Fikiria sarafu basi. Chapa ni ileile ya mfalme, lakini inapigwa juu ya shaba, inapigwa juu ya fedha, inapigwa juu ya dhahabu, na shaba ikishapigwa chapa haigeuki dhahabu, inabaki shaba yenye sura ya mfalme. Mtu mkimya akikua katika Kristo anakuwa mkimya mwenye ile sura. Mwenye kelele kama mimi anakuwa mwenye kelele mwenye ile sura. Tatizo linakuja kanisa likitaka madini yote yawe aina moja, halafu likishapata hayo madini ya aina moja halikagui chapa.

Maana tuseme ukweli, kwenye makanisa yetu mengi kuna mtu mmoja wa mfano ambaye wote tunatakiwa tufanane naye. Anaongea polepole, anainamisha kichwa kidogo, akisalimiwa anajibu Bwana asifiwe kama mtu anayeomba maji, hana haraka, hana mzaha, hagombani. Huyo tunamwita mpole, na tunasema ana tunda la Roho. Inawezekana analo kweli. Inawezekana pia alizaliwa hivyo na hata angekuwa mganga wa kienyeji angekuwa anaongea hivyohivyo.

Neno upole lenyewe limetuponza. Kwa Kiswahili cha mtaani mpole ni mtu asiye na maneno mengi, mbuzi anaweza kuwa mpole, gari likiwaka bila fujo linaitwa pole. Sasa Hesabu 12:3 inasema Musa alikuwa mpole kuliko wanadamu wote waliokuwa juu ya uso wa nchi. Musa yupi? Huyu aliyemuua Mmisri akamfukia mchangani, akaenda kugombana na wachungaji kisimani Midiani, akavunja mbao za mawe chini ya mlima, akasaga ndama wa dhahabu akawa unga akawanywesha watu, akaupiga mwamba mara mbili alipoambiwa auambie tu. Ukimleta Musa kwenye mazoezi ya kwaya yetu anaitwa pembeni siku ya kwanza. Halafu angalia huo upole wake unatajwa wakati gani. Dada yake na kaka yake, Miriamu na Haruni, wamekaa wanamsema kwa sababu ya mke wake, na yeye hajitetei hata neno moja, na Miriamu anapopata ukoma Musa ndiye anayemlilia Mungu amponye. Huo ndo upole, nguvu ipo, ulimi upo, sababu ipo, na hajipiganii mwenyewe. Mungu akitukanwa, Musa anawaka. Akitukanwa yeye anaomba.

Mimi nilikuwa na sauti ya mpole, ila mtu akinisema nilikuwa naweka kwenye friza moyoni, inakaa mwaka.

Kitu kingine kinachotuchanganya ni hili la kusema matunda ya Roho, kwa wingi. Wagalatia 5:22 imeandika tunda, moja. Upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi, vyote hivyo ni tunda moja, kama chungwa lenye vipande vyake ndani. Ukisema matunda mtu anaanza kuchagua kama yuko sokoni, huyu anasema mimi Mungu amenipa furaha ila uvumilivu sina, yule anasema mimi nina uaminifu ila upole hapana, siyo wangu huo. Anachokitaja mara nyingi ni hulka yake tu. Mchangamfu anasema ana furaha ya Bwana, mzito anasema ana amani ya Bwana, mtu asiyejali anasema ana uvumilivu. Kipimo kinaanza kwenye kile kipande ambacho hukuzaliwa nacho. Mimi kucheka sio furaha ya Roho, kucheka ni mama yangu. Furaha ya Roho nilijua sina siku jirani alipofungua duka la nafaka mlango wa tatu kutoka kwangu na mzigo wake ukaisha kabla ya wangu.

Na neno la mwisho kwenye orodha ile ni kiasi. Mimi muuza nafaka nimeokoka, nimesoma mstari ule mara mia, na sikuwahi kuona kwamba neno la mwisho pale ni neno la dukani.

Haya, upande wa pili sasa, maana kuna watu hapa wameshafurahi. Kuna mtu kila akikemewa anajibu mimi ndivyo nilivyo, Mungu ameniumba hivi, asiyenipenda aniache. Anamjibu mke wake ovyo, anasema mimi ni muwazi. Anachelewesha hela za watu, anasema mimi sio mtu wa mahesabu. Anasema siri za watu, anasema mimi sina unafiki. Huyu naye amechanganya mambo yaleyale mawili, ila kwa kuanzia upande wa pili. Mama yule wa kwaya aliona hulka yangu akaiita dhambi, huyu anaona dhambi yake anaiita hulka. Na ukichunguza, uwazi wa huyu jamaa una sehemu unapoishia, bosi wake kazini hajawahi kuambiwa ukweli hata siku moja. Hulka haichaguagi hivyo. Mtu mwenye sauti kubwa ana sauti kubwa mbele ya bosi pia, muulize aliyekaa na mimi benki.

Siku hizi kwenye semina za ndoa huwa wanatugawa mafungu manne, wewe damu yako ya uchangamfu, wewe wa hasira na uongozi, wewe mtu wa huzuni na kufikiri sana, wewe mpoozaji, halafu kila mtu anatoka pale na cheti cha kuendelea na kasoro zake. Wachache wanajua kwamba hayo mafungu ni ya matabibu wa kale wa Kigiriki, Galeni ndiye aliyeyasambaza karne ya 2, na walikuwa wanazungumzia maji ya mwilini, damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi, kwamba likizidi hili unakuwa hivi. Hospitali ziliachana na mambo hayo zamani. Watafiti wa baadaye wakachunguza kwa kulinganisha mapacha, na wanachokubaliana kwa ujumla ni kwamba karibu nusu ya tofauti za hulka kati ya mtu na mtu inatokana na urithi wa damu, na kwamba hulka hizo hazibadiliki haraka ila hazijafungwa pia, watu wengi wanatulia kidogokidogo umri ukienda. Kwa hiyo anayesema nimezaliwa hivi hajadanganya. Ila na wivu nao una mizizi kwenye kuzaliwa, hasira pia. Kuzaliwa na kitu hakujatwambia bado kitu hicho kifanyweje.

Turudi kwenye Biblia kidogo, manake huku nako tumefundishwa stori moja vibaya. Utasikia kwenye mahubiri kwamba Sauli alipookoka Mungu akambadilisha jina akawa Paulo, mtu mpya jina jipya. Nenda kasome. Anakutana na Yesu njia ya Dameski Matendo sura ya 9, na anaendelea kuitwa Sauli sura ya 9, ya 11, ya 12, mpaka ya 13 mstari wa 9 ndo mwandishi anasema Sauli, ambaye ndiye Paulo pia. Pia. Alikuwa na majina mawili, moja la nyumbani la Kiyahudi na jingine la Kirumi, na alipoanza kuzunguka kwa watu wa mataifa akatumia hilo la Kirumi. Hakuna mahali Mungu alimwambia lile la mama yako lina kasoro.

Na hili kwetu sio jambo dogo, maana wamisionari wengi waliokuja huku walitaka mtu akibatizwa apewe jina la Kikristo, na la Kikristo mara nyingi maana yake ilikuwa jina la kwao. Mwalimu alizaliwa akaitwa Kambarage, akabatizwa mwaka 1943 akawa Julius, na akatembea na yote mawili mpaka mwisho. Wazee wetu wengine hawakuweza hivyo, la kwanza likabaki la kuitwa jikoni kwa bibi tu, kanisani ukilitaja wanaona kama umeleta mizimu. Ukishamfundisha mtu kwamba jina lake lenyewe ni utu wa kale, umeshangaa nini akikaa miaka miwili anaongea kwa sauti ya kuazima?

Hulka ya Paulo je? Kabla alikuwa mtu wa kwenda mpaka mwisho, anaomba barua, anasafiri mpaka Dameski kukamata watu. Baada ya hapo ni mtu wa kwenda mpaka mwisho, anaandika barua, anasafiri. Moto uleule, jiko jingine. Zakayo naye mimi nampenda sana kwa sababu ni mtu wa hesabu, na alipotubu alitubu kwa hesabu. Hakulia, hakuna palipoandikwa alilia. Alisimama akasema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemnyang'anya namrudishia mara nne. Nusu na mara nne, huyo ni mtoza ushuru anaongea. Mungu hakusubiri Zakayo awe mtu wa machozi ndo aamini ametubu.

Yohana na ndugu yake Yakobo, Yesu mwenyewe aliwaita wana wa ngurumo, na siku kijiji kimoja cha Wasamaria kilipokataa kuwapokea wakauliza Bwana tuite moto ushuke uwateketeze? Luka 9. Halafu kwenye Matendo 8 Wasamaria wanalipokea neno, mitume Yerusalemu wanatuma watu wawili waende kuwaombea, Petro na nani? Yohana. Samaria ileile. Huyu ndo aliyetaka moto uwashukie. Na barua zinazobeba jina lake zinataja upendo kila baada ya mistari michache lakini bado zina radi, mtu anayesema nampenda Mungu na anamchukia ndugu yake anamwita mwongo, basi, bila kuzunguka.

Kwa hiyo tukiuliza nini kinabadilika mtu akikua, mimi jibu langu ni kwamba kinachobadilika ni bosi. Nguvu ile ile ilikuwa inanitumikia mimi, sasa inamtumikia mwingine. Najua kuna mtu atasema dada umerahisisha, Yesu amesema mtu ajikane mwenyewe, sasa wewe unatuambia tubaki wenyewe. Sawa. Angalia neno kujikana. Ni lilelile la Petro pale motoni kwenye ua wa kuhani mkuu, alipomkana Yesu, na tunajua alikana kwa maneno gani, simjui mtu huyu. Petro hakumgeuza Yesu kuwa mtu mwingine kwa kumkana, alichokataa ni kwamba huyu ana neno lolote juu yangu. Kujikana ni kuiambia nafsi yako hivyohivyo inapokuja na madai yake, mimi nimesemwa, mimi nimeachwa nyuma, mimi lazima nilipize, unaiambia sikujui. Na Luka ameongeza kila siku. Kila siku, kwa hiyo yupo tu huyo anayekanwa, kesho asubuhi yupo tena.

Petro yule tena amenipa kitu cha kupimia ninachokitumia mpaka leo. Miaka imepita tangu ule moto wa uani, ameshahubiri, ameshafungwa, ameshaona maono, yuko Antiokia anakula na watu wa mataifa vizuri tu. Wakaja Wayahudi waliotoka kwa Yakobo, ndugu yake Bwana, siyo yule wa ngurumo, Petro akahama meza. Wagalatia 2. Woga ni uleule, zamani alimwogopa kijakazi, sasa anawaogopa Wayahudi wenzake, na Paulo akamkemea mbele ya watu wote, na kwenye barua akauita huo ni unafiki. Sasa Paulo huyohuyo ndiye aliyeandika kwamba kwa Wayahudi alikuwa kama Myahudi, na kwamba yuko tayari asile nyama milele kama inamkwaza ndugu. Si naye anabadilika akiwa na watu? Wote wawili wanabadili namna ya kukaa mezani kwa ajili ya walioko. Ila mmoja anajizuia kwa sababu anampenda aliye mbele yake, mwingine anajificha kwa sababu anamwogopa. Kwa nje ukipiga picha ni kitu kimoja.

Hapo ndo nilipoona miaka yangu miwili ilikuwa nini. Nilishusha sauti kwa kumwogopa yule mama. Nikienda msibani leo nashusha sauti pia, nikikaa na mdogo wangu ambaye kichwa kinamuuma kila siku nashusha, na hapo wala sijioni nimejipoteza, maana nashusha kwa ajili yake. Akipona napandisha.

Kuna watu wa huku kwetu waliliona hili mapema kuliko vitabu. Miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni, chimbuko lake ni urafiki wa Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church waliokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929 wakakaa kusoma Biblia na kuomba. Ukaenda Uganda, ukaingia Kenya, ukafika Bukoba kwa Walutheri na kwingine huku Tanganyika. Alama yake kubwa ilikuwa kutembea nuruni, mtu anasimama anasema nimeiba hiki, anakirudisha, mfanyakazi anamrudishia bwana wake, mume anamwomba msamaha mke wake mbele za watu. Yaani walianzia kwenye kisado. Baadaye mahali pengi nao walipata sare yao, nani avae nini, nywele ziweje, mtu asalimie vipi, kila uamsho una ugonjwa huo ukikaa sana, lakini walioanza walianzia kwenye mali za watu.

Na watoto wa uamsho ule sio watu waliokuwa wamenyamazishwa. Janani Luwum aliokoka kwenye uamsho huohuo mwaka 1948, akaja kuwa askofu mkuu wa Waanglikana Uganda, na Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji. Tarehe 16 mwezi huohuo akauawa. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, msemaji wa kuzaliwa, mtu ambaye alikuwa amefundisha shule Dodoma miaka mingi, akalazimika kukimbia nchi, na huko nje akaandika kitabu kinachosema anampenda Idi Amin. Hakuacha kusema Amin anaua watu. Alisamehe kwa mdomo uleule aliokuwa anapingia. Ukiwaweka hawa kwenye kipimo cha upole wa sauti ya chini wanafeli wote.

Kisado nilikiondoa hivi. Sio kwamba niliota ndoto. Mteja mmoja, bibi wa nyumba ya nyuma, alikuja na kisado chake mwenyewe, akasema mwanangu nipimie kwa hiki, changu kimezoea kula kwangu. Akacheka. Nikapima, na kilipojaa nikajua kwa macho tu kwamba ni kingi kuliko changu, na yeye akaniangalia, hakusema kitu, akalipa, akaniambia ubarikiwe. Nilisikia neno langu mwenyewe linarudi. Nikafunga duka saa kumi jioni, nikakikata kile kisado kwa kisu, nikakigeuza chombo cha kuwekea mkaa. Wiki iliyofuata nilinunua kipya na nikawa nawawekea wale wateja wa muda mrefu ngumi ya nyongeza, bila kuwaambia kwa nini mwanzoni, baadaye nikawaambia. Wawili hawakurudi tena. Kodi ya fremu ile miezi mitatu niliipata kwa tabu, sitaki kudanganya.

Kicheko kilirudi chenyewe katikati ya hapo, sikumbuki siku. Shangazi ndo aliyeniambia kwenye simu, alisema eeh, umelipa lile deni?

Hasira sasa, hiyo bado. Juzi kijana wangu wa dukani aliacha gunia la mchele wazi usiku, panya wakafanya sherehe, nikamfokea mpaka fundi cherehani wa ng'ambo akasimamisha mashine. Nilimwita jina ambalo siliandiki hapa. Zamani ningeingia ndani nikaomba kimyakimya Mungu anisamehe, halafu ningemletea soda jioni bila kusema kitu. Safari hii nilitoka nje nikamwambia yule kijana, mdogo wangu, nimekukosea, neno nililokuita sio la kumwita mtu, gunia ni la kulipika, naomba unisamehe. Nilisema kwa sauti ileile niliyomfokea nayo, sina nyingine, mtaa mzima ukasikia, na fundi akasimamisha mashine mara ya pili. Kijana akaangalia chini, akasema sawa dada nimekusamehe, lakini basi punguza sauti, watu wanatuangalia.